Sogea Kidogo, Inkar

Ijumaa jioni, kisoma kadi cha getini kiliamka chenyewe.

Kidude hicho hulala kulinda betri. Mkono ukikaribia, kabla hata kadi haijagusa, kinahisi mwili, kinalia "ti" na kuwasha taa ya kijani. Mvua huweza kukidanganya, lakini siku ile palikuwa pakavu na hapakuwa na mtu. Ghorofani Bibigul alikuwa anakaanga shelpeki, mikate saba ya Ijumaa ambayo harufu ya mafuta yake huwafikia marehemu. Binti yake Inkar alizikwa mwezi wa nne.

"Baba Inkar," alinong'ona dirishani, "mtoto amekuja."

"Unyevu tu huo," alisema Tolegen mumewe, fundi aliyekifunga kidude hicho mwenyewe.

Ikawa hivyo kila Ijumaa. Majirani wakachoka.

"Fundi, jini lako linatumalizia betri," alimtania mzee Orazbek, ila mwenyewe getini hapiti peke yake.

Basi Tolegen akashuka na kompyuta. Kukirekebisha ni kukifundisha hewa tupu ilivyo, kwa hiyo asisimame mtu karibu. Akawafukuza wote, akarudi nyuma na yeye, akabonyeza. Kioo kikaandika: kuna mwili karibu. Akabonyeza tena, na tena, na kila alipobonyeza ile "ti" ililia polepole zaidi, baridi ikamtambaa shingoni, harufu ya sabuni ya nywele ya bintiye ikaingia katikati ya harufu ya mafuta, mpaka akajua, bila kuona kitu, kwamba kilichosimama pale kinamfika begani.

"Inkar," alisema kwa sauti ndogo. "Sogea kidogo, mwanangu. Baba anafanya kazi."

Baridi ikaondoka. Kioo kikaandika: tayari.

Ijumaa iliyofuata mikate ilikaangwa, taa haikuwaka. Bibigul alikaa dirishani mpaka mafuta yakaganda kwenye karai.

"Ulimwambia nini?"

"Asogee tu."

"Na ulimwambia arudi?"

Tolegen alitikisa kichwa. Inkar alikuwa mtoto wa kuambiwa mara moja. Moyo ulimuuma mno, na mkewe alipoenda kuosha karai, akateremka bila koti kwenda kumwita. Aliita mpaka sauti ikakauka. Mwishowe akaegemeza kiganja ukutani, karibu na kile kidude.

"Ti."

Dirisha likafunguka juu.

"Umerudi, mama?" aliita Bibigul, akicheka na kulia. "Panda basi, mikate inakungoja."