Namba Kutoka Ng'ambo

Kila alipotoka shule Tumpale alikuwa na kazi tatu, na alizifanya kwa mpangilio uleule: kuteka maji bombani kabla foleni haijawa ndefu, kuinjika maharage, kisha kuwasha simu ya nyumbani aone zoezi alilotuma Mwalimu Enoka. Simu hiyo, ile ya kioo kikubwa, haikutoka nyumbani kwa sababu mama yake aliwaogopa vibaka wa sokoni. Mama mwenyewe alishinda kwenye meza yake ya vitenge karibu na mpaka wa Tunduma, akiwa na kitochi, simu ndogo ya laini mbili, moja ya Tanzania na nyingine ya Zambia, kama wafanyabiashara wengi wa mji ule. Baba alikuwa kijijini Ndalambo, akivuna mahindi.

Mama Tumpale alikuwa mwanamke wa maneno mengi na moyo mweupe. Wateja waliotoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walimwita bamayo, yaani mama kwa Kibemba, naye aliwapunguzia bei huku akiwasema. Siku alipomruhusu Tumpale kuitumia ile simu, alimpa na sheria yake.

"Humu ni masomo tu," alisema. "Siku nikikuta upuuzi, hutaigusa tena mpaka uolewe."

Tumpale alicheka, lakini sheria ilimkaa kichwani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na huko kuolewa kulikuwa mbali kweli.

Mwezi wa Mei uliingia ujumbe kutoka namba asiyoijua, namba ya Zambia. Aliyeandika alijiita Lucky. Alisema anasoma Nakonde na kwamba namba ile alipewa na mteja mmoja wa vitenge. Mtu makini angejiuliza kwanza kwa nini mteja wa vitenge agawe namba za watu kwa watoto. Tumpale hakujiuliza. Lucky alijua kuchekesha, alijua kusifu, na kila jioni maharage yalipokuwa yanachemka alikuwa na kichekesho kipya. Mara mbili maharage yaliungua, na Tumpale alisingizia mkaa.

Jumamosi moja Lucky akapendekeza mchezo. Kila mmoja atume picha yake ya kuchekesha kuliko zote, na Tumpale aanze. Tumpale akavaa wigi la mama, akajipaka rangi ya mdomo mpaka mashavuni, akavuta midomo mbele na kujipiga picha. Alicheka peke yake chumbani, akaituma. Picha ya Lucky haikuja. Yalikuja maneno tu: "Hii iwe siri yetu. Usimwambie mama yako, wakubwa hawaelewi utani."

Juma lililofuata Mwalimu Enoka alitangaza nani angeghani shairi mbele ya wazazi Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe kumi na sita Juni. Mwaka uliotangulia alikuwa Nesta, rafiki yake Tumpale aliyekaa naye dawati moja. Safari hii mwalimu alimtaja Tumpale. Darasa likapiga makofi, Nesta naye akapiga, akamwambia hongera. Tumpale alifurahi mno. Alirudi nyumbani akighani njiani, mpaka madereva wa malori waliokuwa kwenye foleni ya mpaka wakamuuliza kama anagombea udiwani.

Siku mbili baadaye Lucky aliandika tena, na safari hii hapakuwa na kichekesho. "Jitoe kwenye shairi. Usipojitoa, ile picha yako ya kinyago ataiona kila mtu shuleni."

Tumpale aliusoma ujumbe ule mara tatu. Aliufuta. Kesho yake ukaja mwingine wa namna ileile, naye akaufuta pia. Aliliona darasa zima likimcheka, alimwona mama akishika simu na kuuliza upuuzi huu ni wa nani. Hofu ikishaingia kichwani maswali hayana pa kukaa, ndiyo maana hakujiuliza mtu wa Nakonde amezipata wapi habari za shairi.

Basi akamwendea Mwalimu Enoka na kumwambia, kwa sauti ya kukwaruza aliyoifanyia mazoezi chooni, kwamba koo linamuuma na hataweza kughani. Mwalimu alimpa pole. Hakumtoa kwenye shairi, ila alimpigia mama yake simu na kumshauri ampe mtoto tangawizi.

Mama Tumpale si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Alinunua fungu zima la tangawizi, akaliponda, akalichemsha na malimau, akasimama mbele ya mtoto mpaka kikombe kikabaki kitupu. Siku ya kwanza asubuhi, mchana na jioni. Siku ya pili vilevile. Tumpale alikunywa huku machozi yakimtoka, na sehemu ya machozi yale haikuwa ya tangawizi.

Siku ya tatu jioni mama alirudi mapema kutoka sokoni. Kabla hajafika mlangoni alimsikia binti yake akiwafukuza kuku kwenye unga kwa sauti kali iliyofika mpaka nyumba ya tatu. Alisimama, akatikisa kichwa. Koo linalouma haligombani na kuku namna ile. Ndani akaitafuta simu, hakuiona mahali pake. Aliikuta kwenye kapu la nguo chafu, imezimwa na kuviringishwa kwenye soksi za baba. Hapo akajua jambo ni zito, kwa maana katika maisha yake yote hakuwahi kuona mtoto anayezima simu kwa hiari yake.

Alivuta kigoda, akaketi karibu na binti yake jikoni. Akaiweka simu chini, katikati yao.

"Nani anakusumbua humu?" aliuliza.

Tumpale aliendelea kuchochea mkaa. Mama akasubiri, jambo lililomgharimu sana mwanamke wa aina yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo Tumpale aliisikia mara chache, "Sitakupiga. Simu sitakunyang'anya. Hata kama umekosea wewe, mimi ni mama yako kwanza. Niambie."

Ndipo Tumpale akalia, na kilio kilipotulia akasema yote, kuanzia vichekesho na maharage yaliyoungua mpaka wigi na vitisho. Mama alisikiliza. Tumpale alipofika kwenye wigi, mama midomo ilimcheza kidogo, lakini hakucheka. Mwisho alisimama, akaifunga upya khanga kiunoni, akasema anavuka mpaka sasa hivi, na huyo Lucky atamtafuta shule moja baada ya nyingine.

Alifika mlangoni, akasita. "Ulimwambia huyo Lucky habari za shairi?"

"Hapana, mama."

"Amejuaje basi?"

Mama akarudi kuketi. Akamwomba Tumpale awashe simu. Ilipowaka ukaingia ujumbe mwingine wa vitisho. Mtoto akataka kuufuta, mama akamshika mkono na kumwambia auache ulivyo. Kisha akatoa kitochi chake. Miaka kumi ya kuuza vitenge mpakani ilikuwa imemfundisha kwamba hutumi pesa kwa namba usiyoijua kabla hujaona jina la mwenyewe. Unaanza kana kwamba unatuma, unaandika namba na kiasi, na kabla hujaweka namba yako ya siri simu inakuonyesha laini imesajiliwa kwa nani. Aliingia kwenye laini yake ya Zambia, akaandika ile namba ya Lucky na kwacha moja, akasubiri. Jina likatokea: TUPOKIGWE SIMBEYE. Hapo akabonyeza kughairi, kwacha yake ikabaki salama.

Mama na mwana wakatazamana. Tupokigwe Simbeye hakuwa mtu wa Nakonde. Alikuwa mama lishe wa pale pale Tunduma, akiwapikia madereva kwenye maegesho ya malori. Tena alikuwa shangazi yake Nesta, na Nesta aliishi kwake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama akasema.

Ilimuuma Tumpale kuliko alipodhani ni mgeni. Mgeni unaweza kumsahau. Na Nesta walikuwa wakigawana penseli.

Mama alitamani kwenda kwa Tupokigwe jioni ile ile na kusema yote aliyonayo, na aliyonayo yalikuwa mengi. Lakini alimtazama mtoto wake, akaona kwamba makelele yangesambaza habari kuliko hata ile picha. Asubuhi waliongozana mpaka shuleni na kumwonyesha Mwalimu Enoka ule ujumbe uliobaki. Mwalimu aliusoma, akawasifu kwa kutoufuta, na Tumpale akamsifu kwa kusema. Akamwita Nesta ofisini, akatuma na mtu amwite shangazi yake.

Tupokigwe alifika na aproni yake ya kupikia, akihema. Alipoonyeshwa namba alisema ndiyo, ni laini yake ya zamani ya Zambia, imo kwenye simu anayoiacha nyumbani, na hakuna anayeigusa. Kisha akamgeukia Nesta. Nesta alikana. Alikana mara ya pili, ila sauti ilikatikia njiani, akafunika uso.

Ukweli ukatoka polepole. Namba ya simu ya kina Tumpale aliiona kwenye daftari la rafiki yake. Mwanzoni ulikuwa utani tu, alitaka kuona kama Tumpale atamtambua. Lakini mama yake Nesta, aliyekuwa akifanya biashara Mkwajuni, alikuwa ameahidi kuja Siku ya Mtoto wa Afrika kumsikia mwanawe akighani, na Nesta alikuwa ameshamwambia ni yeye tena. Mwalimu alipomtaja mwingine, hakujua atamwambiaje mama yake.

"Nilitaka ajitoe tu," alisema. "Picha nisingeituma."

"Mimi ningejuaje kama hutaituma?" Tumpale aliuliza, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza mle ofisini.

Mwalimu Enoka hakupandisha sauti. Alimwambia Nesta kwamba huzuni yake anaielewa, lakini kumtisha mwenzake ni uonevu, awe anafanya hivyo uso kwa uso au amejificha nyuma ya namba. Simu ile ikaletwa kutoka nyumbani, na picha ikafutwa mbele ya wote. Shangazi akaitoa ile laini na kuitia kwenye pochi yake. Nesta akapewa kazi ya kumpigia mama yake siku hiyohiyo na kusema ukweli, na kwa mwezi mzima angekaa na mwalimu kila Ijumaa baada ya vipindi. Akaomba msamaha huku analia. Tumpale alisema ameusikia msamaha, ila bado ana hasira.

"Una haki," mwalimu alimjibu. "Hasira itapungua kwa wakati wake. Hatukulazimishi."

Tarehe kumi na sita ikafika na jua zuri la baridi. Mama yake Nesta alikuja vilevile kutoka Mkwajuni, akaketi karibu na binti yake na kumshika mkono. Tumpale alighani kwa sauti safi kabisa. Alipomaliza, makofi yalikuwa mengi, na Nesta naye alipiga. Tumpale alimwona, akamwitikia kwa kichwa. Ilikuwa mwanzo tu, lakini alijisikia mwepesi.

Kisha Mwalimu Enoka akamwomba Mama Tumpale aseme machache kwa wazazi. Alisimama na kitenge chake kipya, akakohoa. Hakumtaja mtu.

"Wazazi wenzangu, mimi ni muuza vitenge, si mwalimu," alianza. "Kuna mtu alimtisha mwanangu kwenye simu, akamkataza asiniambie. Mimi nami nilikuwa nimeshamtisha mtoto huyohuyo kwamba nikikuta upuuzi nitamnyang'anya simu. Kwa hiyo yule mtu alipata msaidizi, na msaidizi alikuwa mimi. Mtoto akabaki katikati, huku vitisho na huku vitisho, akaona heri anywe tangawizi siku tatu kuliko kusema na mama yake."

Watu walicheka. Mama akasubiri wamalize.

"Siku hizi kwetu sheria ni nyingine. Ukikosea njoo uniambie. Nitakasirika kidogo, maana ndivyo nilivyoumbwa, halafu tutatafuta njia pamoja. Nanyi watoto, mtu usiyeijua sura yake si rafiki, na picha ukishaituma si yako tena. Akikutisha, usifute; mwonyeshe mkubwa. Na yeyote atakayekuambia usimwambie mama au baba, huyo ndiye wa kumtaja nyumbani siku hiyohiyo."

Alipoketi, Tumpale alikuwa bado amesimama mbele pamoja na kwaya ya shule, akiwatazama watu. Kwenye viti vya mbele akamwona Brayan wa darasa la tano, mvulana ambaye siku hizi hakucheza tena mpira na wenzake, akilivuta shati la baba yake. Baba yake Brayan alijulikana mtaa mzima kwa ukali. Alimtazama mwanawe, akataka kumnyamazisha, kisha akaacha. Akakigeuza kiti chake mpaka akawa ameelekeana na mtoto, akainama.

"Sema, mwanangu," Tumpale alimsikia akisema. "Nakusikiliza."