Alhamisi za Mwanasiti

Mwanamume aliingia dukani bila hodi, kanzu yake nyeupe imepasuka kutoka begani hadi ubavuni, akasimama katikati ya wanawake waliokuwa wakingoja nguo zao.

"Samahanini, dada zangu," alisema. "Nikahi ni saa saba, na mimi ni shahidi."

Ilikuwa Jumamosi, saa sita na robo, na duka la ushonaji la Mwanasiti pale Makongeni lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Cherehani zilinguruma, pasi ilifuka mvuke. Mwanasiti hakuinuka. Wiki iliyopita mwanamume mwingine aliingia hivi hivi, na haraka yake na hadithi yake nzuri, akatoka na simu mbili za wateja.

"Shahidi wa nani?"

"Wa rafiki yangu."

"Hana jina?"

"Yahye. Unataka na la bibi harusi?"

"Nataka ukae mbali na hiyo meza. Hodo, toa simu hapo."

Hodo, mshirika wake, aliinua pasi akamkagua mgeni kuanzia viatu. "Walahi huyu si mwizi. Mwizi gani anakuja kuiba na nguo nyeupe?"

Wanawake wakacheka. Mwanasiti akaonyesha pazia kwa kidole. "Ingia hapo. Vua, unirushie."

Kanzu ikaruka juu ya pazia. Alianza kuishona, jicho moja likiwa kwenye sindano, lingine kwenye vidole vya miguu vilivyoonekana chini ya pazia.

"Imepasukaje hii?"

"Nilibeba kioo."

"Na kanzu ya harusi?"

"Mimi ni fundi wa madirisha. Mteja alipiga simu njiani, nikamwambia ni dakika tano tu."

"Na zilikuwa ngapi?"

"Usiniulize mbele ya watu."

Mgeni alipotoka amevaa, ndipo alipomtazama vizuri mshonaji: mwanamke mnene wa miaka thelathini hivi, dera la zambarau, ushungi wa kijivu uliofungwa kwa ustadi, pini mbili zimebanwa midomoni na macho yasiyomwamini hata kidogo. Aliisahau haraka yake.

"Naitwa Zaid. Nitakuletea pilau ya harusi."

"Pilau yako sitaki," Mwanasiti alijibu, upesi mno, na Zaid hakujua amekosea wapi.

Namba ya simu aliipata kwa Hodo.

Heri msomaji alijue mapema jambo ambalo Zaid hakulijua. Miezi mitano kabla ya siku hiyo, madaktari walikuwa wamemfanyia Mwanasiti upasuaji na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula tumboni, ili apungue uzito. Sukari ilikuwa imemchukua baba yake na ilikuwa imeanza kumbishia hodi yeye. Waliojua ni mama yake na Hodo tu. Wengine alipanga kuwaambia akishapungua. Mtu angeuliza siri yake, naye angejibu kichwa juu.

Mwili haukuufuata mpango huo. Alianza na kilo mia moja ishirini na mbili. Mwezi wa kwanza zilitoka sita, halafu nne, tatu, mbili, halafu zikawa zinatoka moja moja kama watu wasiotaka kuhama. Kliniki ya waliopasuliwa ilikuwa Donholm, kila Alhamisi, na pale alikuwepo Mutie, dereva wa lori aliyepasuliwa wiki moja na yeye. Mutie alishapoteza kilo hamsini na alitembea ameshika suruali kwa mkono.

"Mwili wako ni kama karani wa serikali," Mutie alimtania. "Haukatai. Unakuambia tu urudi kesho."

Mwanasiti alicheka, lakini alipopanda ngazi za nyumbani aliionea wivu suruali ile.

Zaid alipiga simu kila mchana.

"Umekula, Siti?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Kwani wewe ni mpenzi au daktari?"

"Umesema mpenzi. Nimesikia."

"Masikio yako yana kasoro, fundi. Nenda ukafunge madirisha ya watu."

Mara ya kwanza walipokutana mkahawani, Zaid aliagiza kuku, wali na sharubati kwa wawili. Mwanasiti aliitazama sahani. Vijiko vinne ndiyo ungekuwa mwisho wake. Cha tano kingesimama kifuani kama mtu aliyekwama mlangoni. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na uongo ukaja wenyewe.

"Nimefunga."

Uso wa Zaid ulinawiri. "Mashallah. Unafunga Alhamisi?"

"Na Jumatatu," aliongeza, akatamani aumeze ulimi.

Kumbe Zaid naye akaanza kufunga, ili wafungue pamoja. Jumatatu na Alhamisi alibeba vioo juani na midomo mikavu. Magharibi alifika mlangoni pa duka na tende kwenye karatasi, na Mwanasiti, aliyekuwa amekunywa supu saa saba, alipokea tende moja na kusema bismillahi. Daktari alikuwa hajamruhusu kufunga hata siku moja. Mwanasiti alijua anachofanya. Kila wiki aliapa kwamba Alhamisi ijayo atasema ukweli.

Alhamisi moja, baada ya miezi mitatu ya mapenzi, Zaid alikuwa ghorofa ya pili Donholm akipima dirisha jipya. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mkahawa mdogo wenye viti nje. Aliuona ushungi wa kijivu. Alimwona Mwanasiti ameshika kijiko, saa saba mchana, mbele ya bakuli. Mkabala naye mwanamume alikuwa ameinama, akimpa kitambaa cha karatasi afute macho.

Alitoa simu.

"Habibti, uko wapi?"

Ng'ambo, Mwanasiti akaweka kijiko chini. "Dukani. Wateja wengi leo."

"Saumu inaendaje?"

Aliiona midomo yake ikijibu kabla sauti haijamfikia. "Alhamdulillahi."

Zaid alikata simu. Alikuwa na kiu tangu alfajiri, na kwa mara ya kwanza aliisikia.

Jioni alikuja dukani bila tende.

"Yule ni nani?"

"Nani?"

"Yule wa kitambaa. Pale Donholm."

Mwanasiti alisimamisha cherehani. "Ulinifuata?"

"Nilikuwa kazini."

"Kazini mbele ya meza yangu? Tangu lini unanichunguza, Zaid?"

"Tangu saa saba ya leo. Kabla ya hapo nilikuwa mjinga tu." Sauti yake haikupanda. "Mwanamume ningeweza kuuliza, ukanieleza. Labda ni binamu, labda mteja. Lakini saumu, Siti? Nimekuletea tende kwa mikono yangu, ukasema bismillahi. Mtu akiweza kudanganya hapo, mimi ni nani nisidanganywe?"

Kila jibu la kweli lilianzia tumboni mwake. Akachagua hasira. "Nenda basi. Katafute anayefunga."

Akaenda.

Siku kumi na moja hapakuwa na simu. Makongeni watu waliuliza yule fundi amepotelea wapi. Mwanasiti alishona mikono miwili ya kushoto kwenye dera moja. Usipomwambia, shaka ilimnong'oneza, atakuona malaya. Ukimwambia, atakupima kwa macho kila siku.

"Unangoja nini?" Hodo alimuuliza akifumua ule mkono uliokosewa. "Upungue kwanza ndiyo umpigie?"

Ndicho hasa Mwanasiti alichokuwa akingoja.

"Na usipopungua?" Hodo aliendelea. "Uzeeke hapa na mimi? Mimi sikutaki, walahi. Unakoroma."

Jioni hiyo alipiga simu.

"Njoo Donholm Alhamisi, saa nne asubuhi. Ghorofa ya chini, nyuma ya ule mkahawa. Njoo ukiwa na shaka zako zote, sawa tu. Lakini njoo."

Zaid alifika amekunja uso. Alitarajia kuonyeshwa mwanamume, na kweli mwanamume alikuwepo, ameshika suruali.

"Wewe ndiye fundi," Mutie alisema, akampa mkono ulio huru. "Nimelishwa habari zako mpaka nimeshiba, na mimi siku hizi nashiba haraka. Kaa hapa."

Zaid alikaa kwenye kiti kipana kisicho na mikono. Ukutani palikuwa na picha ya mfuko wa chakula, nusu yake imechorwa kwa nukta nukta. Watu wanene kwa wembamba waliitwa mmoja mmoja nyuma ya pazia na kutoka na kadi. Alianza kuelewa, na alipoelewa aliona aibu, halafu hasira yake ikarudi, halafu hakujua kipi kitangulie.

Mwanasiti alitoka, akamwekea kadi mapajani. Mia moja ishirini na mbili. Mia moja kumi na sita. Kumi na mbili. Tisa. Saba. Sita. Tano. Nne. Nne. Nne. Nne.

"Hizo nne za mwisho ni za wiki tatu zilizopita," alisema. "Na ya leo. Ile siku ya kitambaa nilikuwa nimetoka kusoma ya pili."

"Inauma?"

Hakutarajia swali hilo. "Nikila upesi. Au nikila zaidi ili watu wasiulize."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungetazama."

"Nitazame nini?"

"Mimi. Kila nikiingia mahali, ungetazama kama upasuaji unafanya kazi. Watu wakijua umekatwa tumbo wanataka kuona mabadiliko. Sasa mimi ningewaonyesha nini, Zaid? Mutie ana suruali yake. Mimi nina nne, nne, nne."

"Sukari je?"

"Sukari imeshuka. Dawa moja nimeachishwa. Na magoti hayaniamshi tena."

"Basi si hiyo ni kazi?"

"Haionekani."

Zaid aliigeuza kadi, akaigeuza tena. "Nilibeba vioo kwa kiu, Siti, nikidhani uko nami."

"Najua. Nisamehe. Hilo ndilo lililonitesa kuliko mizani."

"Nimekusamehe. Lakini niahidi kitu kimoja kidogo. Usiseme tena umefunga kama hujafunga. Kwangu wala kwa mtu. Ukishindwa kula, sema umeshindwa."

"Kwa mtu yeyote? Hata kwenu?"

"Kwetu hasa."

"Unakiita hicho kidogo?"

"Siti."

"Naahidi," alisema, na Mutie, aliyejifanya anasoma ukuta, akapiga chafya ya furaha.

Wiki mbili baadaye shangazi yake Zaid alifika kutoka Mombasa. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba yake, na katika nyumba ile posa haikutoka bila neno lake. Angerudi Jumanne, kwa hiyo alitaka kumwona msichana Jumatatu, mchana.

Mwanasiti alivaa dera jipya la kijani kibichi lenye shingo ya mapambo, akaenda na Hodo. Wanawake walikaa mkekani kuzunguka sinia moja: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari, ndizi mbivu. Wanaume walikuwa chumba cha pili, pazia tu katikati. Shangazi alikuwa na hina mpaka kwenye viwiko na macho ya mtu anayenunua dhahabu.

Kila mkono ulienda siniani. Wa Mwanasiti ulienda mara tatu, ukatulia.

"Mbona huli, mwanangu?" Shangazi aliuliza. "Au chakula cha hapa unakishuku?"

"La, shangazi. Ni kitamu."

"Kitamu mtu hakiachi. Juzi kuna mmoja aliletwa kwa ndugu yetu hivi hivi, hali kwa watu. Kumbe alikuwa na mimba ya mwingine, kila harufu inamchefua."

Mikono ikasimama. Bi Khawla, mama yake Zaid, mwanamke mpole, alikohoa. "Leo ni Jumatatu, wifi," alisema taratibu. "Zaid alinambia anafunga Jumatatu. Labda amefunga, ameonja tu kwa heshima yetu akajisahau."

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Hodo alimfinya Mwanasiti mguuni: pita. Hata ile mara tatu ingesamehewa, maana aliyekula kwa kusahau saumu yake haivunjiki. Shangazi angesema mashallah. Posa ingefika kabla ya mwezi kuandama.

Nyuma ya pazia, mazungumzo ya wanaume yalikuwa yamekatika.

"Sijafunga, Mama," Mwanasiti alisema. "Wala sina mimba. Nilifanyiwa upasuaji wa tumbo ili nipungue. Nikila zaidi ya hivi nitatapika mbele yenu."

Shangazi aliyapitisha macho yake juu ya dera la kijani, polepole, kutoka shingoni hadi magotini.

"Umekatwa tumbo," alisema, "na bado uko hivi?"

Ndiyo ilikuwa sentensi yenyewe. Mwanasiti alikuwa ameikimbia miezi tisa, ameificha nyuma ya tende na bismillahi, na sasa ilikuwa imekaa mkekani pamoja nao.

"Bado niko hivi, shangazi. Nimetoa kilo kumi na nane. Zinatoka polepole, na huenda zisitoke zaidi."

"Zaid," Shangazi aliita bila kugeuka. "Ulijua?"

Pazia likasogea. Zaid alisimama pale, hana mahali pa kuweka mikono. "Nilijua."

"Na ulinileta kutoka Mombasa."

"Nilikuleta, shangazi. Na nikipewa ruhusa nitakuleta tena."

Shangazi alivuta bakuli la maji, akanawa kidole kimoja baada ya kingine. "Mimi posa hii siitii mkono leo," alisema. "Nitarudi nyumbani, nitauliza kama mwanamke wa namna hiyo anazaa, anafunga Ramadhani, anaishi. Mtangoja." Akainuka, akaenda kuswali.

Hodo aliuachia mguu aliokuwa ameufinya. Mwanasiti alisikia machozi yakija, akayazuia, akamtazama Zaid, ambaye hakuwa anatazama dera wala mwili. Alikuwa anamtazama usoni, kama siku ile ya pini mbili.

Bi Khawla aliusogeza upande wa sinia wenye samaki kuelekea kwa Mwanasiti.

"Sasa nieleze, mwanangu," alisema. "Hapa wewe unaweza kula nini?"

"Samaki, Mama. Kipande kama hiki tu. Na nitachukua muda mrefu."

"Chukua," alisema Bi Khawla, akakaa vizuri mkekani kumngoja.