Sura ni ya Florentine

Florentine ana miaka ishirini na tatu. Anashona nguo nyumbani kwao Kasulo, mtaa wa Kolwezi. Juma moja wateja watatu walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Hawakusema sababu.

Siku ya nne baba yake, tata Polycarpe, aliweka telefone mezani. Ilionyesha foto ya mwanamke uchi. Sura ilikuwa ya Florentine.

"Utaenda Sandoa kwa shangazi yako," alisema.

"Tata, mi sikupiga foto hii!"

"Na sura ni ya nani?"

Florentine alilia. Ndugu yake Gloire, wa miaka ishirini, aliinamisha kichwa. Alijua kwamba rafiki yake Hénock ndiye aliyeitengeneza foto ile kwa IA, yaani akili ya mashini. Gloire mwenyewe alikuwa amecheka foto kama hizo za wanawake wengine. "Si za kweli," vijana walisema. Sasa alijiuliza: mbona dada analia kweli?

Alimwendea jirani yao, mama Tshiela, fundi wa telefone, akamweleza yote.

"Mama, mashini inaona mwili wa mutu chini ya nguo?"

"Apana, haioni kitu. Imejifunza kwa foto nyingi. Inabuni mwili, inabandika sura."

"Basi mwili si wake. Ubaya uko wapi?"

"Batu banamujua Florentine kwa mwili ao kwa sura?"

"Kwa sura," Gloire alijibu.

"Na mulimuuliza kama anakubali?"

"Apana."

"Ubaya uko pale."

Mama Tshiela alikuja nyumbani. Kwa ruhusa ya tata Polycarpe alimpiga foto, akaitia katika IA. Mara tata akajiona kwenye telefone, juu ya farasi mweupe.

"Mi sijapanda farasi hata siku moja!"

"Na Florentine vilevile hakuvua nguo, tata."

Tata alimgeukia binti yake. "Unisamehe, mama. Hauendi Sandoa."

Mama Tshiela aliwaambia: "Foto ile ya uchi musiitume kwa mutu. Andikeni tarehe na nambari iliyoituma. Mupeleke neno kwa polisi."

Gloire alimkuta Hénock.

"Nilitaka tu kuona kama mashini itaweza," Hénock alisema.

"Iliweza. Dada yangu anaogopa kutoka nje."

Hénock alitoa telefone yake. Kisha akatuma sauti yake kwenye grupu ya vijana, ambamo foto ilisambazwa: "Foto ni ya uongo. Ni mi niliitengeneza. Muifute."

Wateja wawili walirudi. Hénock aliitwa polisi, kisha akaja na mama yake kuomba msamaha. "Bado," Florentine alimjibu, akaendelea kushona.

Mwezi uliofuata, kijana mmoja alituma kwenye grupu foto ya mwanamke mwingine. Gloire aliandika: "Ulimuuliza?"

Hakuna aliyecheka. Foto ikafutwa.