Magege Wasio na Alama ya Wavu

Emerensiana binti Pankras, mtoto wa miaka mitano, alikutwa amekufa alfajiri ya Jumamosi huko Mpepai, mkekani, ubavuni mwa mama yake. Mama mwenyewe, Luisa, hakuweza kusimama. Baba alikuwa mlangoni anatapika, mate yanamtoka hayakatiki. Majirani waliwabeba wazazi hadi hospitali, na daktari hakuzunguka: sumu ya kuulia wadudu, imeingia kwa chakula.

Chakula cha usiku ule kilikuwa ugali na samaki, magege wa mchuzi. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, nyama hailiwi. Luisa aliwanunua samaki jioni kwa Mwanaisha, soko la Mbinga.

Kufikia saa nne asubuhi Mwanaisha alikuwa mahabusu. Chini ya meza yake askari walikuta kopo la dawa ya mbu, na hilo likatosha. Soko zima likasema anawapulizia samaki dawa ili nzi wasitue. Kabla ya adhuhuri meza yake ilikuwa imevunjwavunjwa.

"Mwanamke ana kopo, mtoto amekufa," alisema mkuu wa kituo. "Jumatatu jalada la mauaji linaondoka hapa. Unatafuta nini tena, Dunstan?"

"Wagonjwa wengine," alijibu Inspekta Dunstan. "Ijumaa aliuza tangu asubuhi. Walionunua asubuhi wote wazima. Kama anapulizia, basi alipulizia wa jioni tu?"

Mkuu alimwangalia kama mtu anayemchelewesha kula. Lakini hakumkataza.

Boksi la barafu la Mwanaisha lilikuwa stoo ya vielelezo, na ndani mlibaki magege wachache. Dunstan alikuwa mtoto wa mvuvi wa Mbaha, kijiji cha ziwani. Alivaa glovu, akamwinua mmoja, akamgeuza, akamwinua mwingine. Akaomba kisu. Alipasua tumbo, akatazama yaliyomo, akanawa mikono na kwenda mahabusu.

"Bi Mwanaisha, samaki wako wametoka wapi?"

"Ziwani, Afande. Mbaha. Mimi siuzi takataka."

"Mimi ni wa Mbaha. Usiniuzie samaki wa kwetu."

Mwanaisha akainamisha kichwa.

"Samaki wa ziwani ananaswa na wavu," Dunstan aliendelea. "Wavu unamkaba hapa nyuma ya mashavu, unamwachia mstari na magamba yanabanduka. Hawa wako hawana mstari. Wa ziwani mkia wake mpana, mzima. Hawa mikia imelika kama ufagio wa zamani, kwa kusugua ukuta wa saruji. Halafu matumbo yamejaa mafuta na pumba. Ziwani nani anawamwagia pumba?"

"Ukisema nauza wa bwawa kwa jina la ziwa, biashara yangu imekufa."

"Biashara yako wameshaivunja, mama. Kilichobaki ni shingo."

Mwanamke akaanza kulia, bila sauti. Kopo lile, alisema, ni la chumba anacholala, alilisahau kwenye kapu. Samaki wa ziwani walikwisha mchana, watu wa Kwaresima wakawa bado wanauliza. Saa kumi na moja jioni akaja Joakim wa Mpepai na ndoo kwenye pikipiki.

"Alikuambiaje?"

"Kwamba anakausha bwawa alisafishe. Walikuwa wameshakufa, lakini nani analeta samaki hai sokoni? Luisa alikuwa wa kwanza kununua, na wa mwisho. Mvua ikanyesha, nikafunga. Aliniuliza kama ni wa ziwani. Nikamwambia ndiyo."

Joakim alijulikana: mkulima wa kahawa, mwenye bwawa, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa. Saa ile alikuwa msibani kwa Pankras, akiongoza rozari. Dunstan hakwenda msibani kwanza. Alikwenda nyumbani kwa Joakim, akamkuta mkewe, Beata, akipeta mchele wa kupeleka msibani.

"Shikamoo, Mama. Jana usiku mlikula nini?"

"Marahaba. Maharage."

"Ijumaa ya Kwaresima, bwawa liko nyuma ya nyumba, mnakula maharage?"

Beata aliweka ungo chini. "Nilimwomba wawili tu. Alininyang'anya ndoo. Akasema nikigusa hata mmoja nitamjua yeye ni nani."

Bwawa lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Hakuna aliyelikausha. Hakukuwa na samaki, na hakukuwa na chura hata mmoja. Katika mfereji unaoingiza maji, kaa walikuwa wamelala chali. Juu ya mfereji ilisimama mibuni, na chini ya majani, mvua isikofika, madoa meupe ya dawa bado yalionekana.

Msibani, Pankras alikuwa amerudi kuzika, ameegemezwa ukutani. Joakim alikuwa karibu naye, rozari mkononi. Dunstan alingoja sala iishe, kisha akachuchumaa mbele yao.

"Mwenyekiti, bwawani kwako kuna samaki?"

"Hata mmoja, Inspekta. Wezi wamenimaliza usiku wa kuamkia Ijumaa."

"Pole. Wamebeba na vyura?"

"Vyura?"

"Na kaa wa mferejini wamewaua. Mwizi wa samaki hana kazi na vyura, Joakim. Na huyo mwizi wako ndiye aliyempelekea Mwanaisha ndoo kwa pikipiki yako?"

Joakim aliiviringisha rozari kiganjani. Wanawake waliokuwa jikoni walisogea mlangoni.

"Alhamisi ulipulizia kahawa," Dunstan alisema. "Pampu ukaisuuzia wapi?"

"Mvua ilikuwa inakuja." Joakim aliiweka rozari chini. "Nilimwaga iliyobaki mferejini, sikufikiri. Asubuhi wote wanaelea. Mwaka mzima nimewalisha, Inspekta, nangoja Kwaresima hii. Nikasema nikiwaosha vizuri..."

"Beata alipokuomba wawili, mbona hukumwambia awaoshe vizuri?"



Pankras alijiinua kwa kiwiko. "Ulijua, Joakim?"

"Nilijua ubaya wa samaki. Sikujua nani atawala. Haki ya Mungu, ningejua ni nyie..."

"Ungewapelekea wengine," alisema Pankras.

Dunstan alimfunga pingu pale pale, mbele ya jumuiya yake yote.

Jioni alifungua mlango wa mahabusu.

"Toka, Bi Mwanaisha. Mauaji si yako."

Mwanamke hakuinuka. "Na ule uongo?"

"Uongo ni wako. Luisa yuko wodini, hajaambiwa chochote. Nenda ukamwambie wewe samaki walitoka wapi, kabla watu wa soko hawajafika."

Mwanaisha akajifunga kanga vizuri, akauliza njia ya hospitali, ingawa ameishi Mbinga maisha yake yote, akatoka.