Rudi Kesho

Hii ilimtokea beshte yangu Mumo, graduate bila kazi kama mimi, kwa kampasi moja hapa Kitengela. Application yake ya kazi ilikuwa inafungwa saa kumi na moja jioni, na laptop yake ya Linux, si Windows, ilikuwa imekataa WiFi ya kampasi. Laptop yenyewe ilikuwa ya Lemein, classmate wetu aliyefariki; mamake ndiye alimpa Mumo.

Akaipeleka ofisi ya ICT kwa basement, lakini Oscar wa huko hata hakuiangalia. "Linux hatusapoti, boss. Rudi kesho."

Hayo hayo ndiyo alimwambia Lemein wiki nzima, mpaka project ikapitwa na deadline. Lemein hakufika graduation. Alizikwa kwao Rombo.

Stima ikapotea. Basement ikawa giza totoro, feni zikanyamaza, ikabaki pumzi ya Oscar tu. Kwa screen ya Mumo, WiFi zote zilipotea, ikatokea moja mpya: OSCAR RUDI KESHO.

"Zima hiyo kitu!" Oscar akasogea. Signal ikajaa. Akarudi nyuma, ikapungua.

Mumo akaunganisha hiyo WiFi, akabonyeza submit, akamkamata Oscar tai. "Tulia hapa, boss. Bado inatuma."

Application ilipoenda, akamwachilia. Oscar akakimbilia ngazi, viatu vikilia gizani, na kila alivyozidi kupanda, signal ikaondoka naye.