Ndoo Ilishuka Lini?

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mbithe alitoka nyuma ya nyumba yao huko Makadara na kuita, "Panda!" Jirani yake Lela aliinua ndoo na kuitundika kwenye msumari ukutani. Maji yalipita ndani ya mpira uliounganishwa na ndoo hadi kwenye karai lililokaa juu ya meza kuukuu, yakapanda taratibu kati ya kokoto zilizolijaza na kuifikia mizizi ya sukuma wiki. Yakishajaa, Lela aliita, "Shuka!" Ndoo ikawekwa chini, na maji yote yakarudi humo. Jioni ilikuwa zamu ya Mbithe peke yake.

Ua wao ulikuwa wa saruji mtupu, hapakuwa na udongo hata wa kujaza kikombe. Ndiyo maana Mwalimu Nerima, aliyewafundisha sayansi, aliwaonyesha kilimo hiki. Karai lilikuwa la mama yake Lela. Walipitisha mpira kwenye tundu lake na kuziba kwa lami. Miche waliiotesha katika pakiti za maziwa ya shule. Lela, ambaye hupima hata chumvi ya kachumbari, alipewa kazi ya kuchanganya mbolea katika maji. Siku ya wazazi karai lingewekwa mbele ya wageni, na Lela alikuwa ameshamwalika shangazi yake wa Pumwani.

Jioni moja Mbithe alitundika ndoo, kisha akasikia wenzake wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, huko nje. Akaenda dakika mbili tu, zile dakika mbili ambazo kila mtoto anazijua. Giza likaingia, akaitwa kula, na ndoo ikalala ukutani. Asubuhi aliishusha haraka kabla Lela hajatoka. Kesho yake akafanya vivyo hivyo, na siku zilizofuata pia. Alijiambia kwamba mimea itakunywa ishibe.

Haukupita muda majani yakawa manjano, yakalegea ingawa maji yalikuwa tele.

"Mbithe, ukishaipandisha ndoo, unaishusha?" Lela aliuliza.

"Naishusha."

Na kweli aliishusha. Hakusema lini.

"Basi ni mbolea yangu," Lela alisema, machozi yakimlengalenga. "Na wallahi nilipima!"

Darasani wenzao walianza kumwita Lela Mama Chumvi. Mbithe alisikia, akainamisha kichwa kwenye daftari kana kwamba hesabu ilikuwa ngumu sana.

Siku hiyo, baada ya masomo, Mwalimu Nerima alifika uani kuitazama bustani. Lela alimkabidhi pakiti ya mbolea. "Mpe mtu mwingine, Mwalimu. Mimi nimeua mimea. Nitamwambia shangazi asije."

Mbithe alimtazama rafiki yake, akaona aibu, aibu hasa. "Si mbolea!" alisema kwa sauti kubwa. "Ni mimi. Ndoo naishusha asubuhi. Usiku kucha inalala juu."

"Ai! Si ulisema unaishusha?"

"Nilisema. Sikukwambia lini. Nisamehe, Lela."

Mwalimu Nerima aling'oa mche mmoja. Mizizi ilikuwa ya kahawia, tena ilinuka. "Mizizi nayo hupumua," alisema. "Maji yakipanda, huleta chakula. Yakishuka, huvuta hewa ndani ya kokoto. Hii imezama."

Kisha akamgeukia Mbithe. "Neno ulilolisema lilikuwa la kweli, lakini ulilitumia kumdanganya mwenzako. Mtu akikuuliza, mwambie kile anachotaka kujua, hata kama kitakuaibisha. Leo umefanya hivyo, na ndiyo sababu tunaweza kuiponya bustani hii."

Waling'oa miche iliyooza, wakaosha kokoto, wakapanda miche waliyokuwa wamebakiza. Lela alimnyang'anya Mbithe ndoo, akanuna jioni nzima. Kesho yake akamrudishia.

Siku ya wazazi ilipofika, sukuma wiki ilikuwa ndogo lakini kijani kibichi. Shangazi wa Pumwani aliinama juu ya karai.

"Na haya maji, mwanangu, mnayashusha lini?"

Mbithe alijibu, "Yakijaa tu, Shangazi, papo hapo. Niliwahi kuyaacha mpaka asubuhi, nikaiua mimea, na lawama akabeba Lela."

Wageni walicheka, na aliyecheka zaidi alikuwa Mama Chumvi mwenyewe.