Nyundo ya Bibi Vika

Chifu wetu alipofariki, kisiwa chetu chote cha Vava'u kilifunga mikeka ya msiba kiunoni, na nyundo za kupondea magome ya kutengenezea nguo zikalazwa, kwani kuponda wakati wa msiba ni mwiko. Siku ya tatu, mchana kweupe, Lavinia wa miaka saba akaziba masikio.

"Bibi Vika anagonga."

Bibi yake huyo alikuwa amekaa kaburini miaka tisa. Lakini banda lake la kupondea lilinuka magome mabichi.

"Nyamaza, mama," Seini, mama yake, akamnong'oneza. "Watasema tumevunja mwiko."

"Si mimi! Mwambie Bibi!"

Siku ya sita mtoto hali, halali. Kefu, kaka yake Seini, anayepima kelele za mashine mjini, akaleta kipimo chake bandani.

"Kaka, hicho kidude kitafukuza mzimu?"

"Hakifukuzi, dada. Kinakusanya sauti zote tangu nilipokiwasha, kinatoa wastani wake." Akapiga makofi kwa nguvu, namba ikapanda hadi themanini na tano. "Sasa tunyamaze, utaona inavyoshuka."

Wakanyamaza, wakaitumbulia macho ile namba, robo saa nzima, hata kuku hakulia, wala jani halikuanguka, na harufu ya magome ikazidi kuwapanda puani, na namba ikabaki palepale, themanini na tano, themanini na tano, kana kwamba wanawake kumi wameketi humo wanaponda.

"Kimeharibika?"

Kefu akatoka nacho, akarudi. "Nje kinashuka, humu kinapanda tena. Dada, kuna anayepiga humu. Sasa hivi."

Wakamwita mganga Meliame. Alipofika, hakumgusa mtoto. Alikwenda moja kwa moja makaburini, akaamuru kaburi la Vika lifukuliwe. Mzizi ulikuwa umeingia sikio moja la fuvu, ukatokea la pili.

"Miaka yote hii anagonga mumsaidie," Meliame akasema, akiukata taratibu. "Mlikuwa na kelele zenu. Mliponyamaza, mtoto akamsikia."

Bandani, namba ikashuka. Themanini na nne. Themanini na mbili. Harufu ikakatika. Lavinia akashusha mikono, akatabasamu.

"Mwanangu!" Seini akamkumbatia, akalia, akamwita jina mara tatu.

Mtoto akautazama mdomo wa mama yake.

"Mama," akasema kwa sauti kubwa kupita kiasi, "Bibi ameacha. Mbona na nyinyi mmenyamaza?"